Nyumba Yetu na Shimo la Udongo

Jumanne, 6 Septemba 1910
Nimechora tena karatasini ukuta wa kaskazini wa nyumba ya kijiji. Mara ya nne. Mashubaka yalikuwa madogo, chungu kikubwa cha Mama kisingeingia. Nimekichukua jikoni nikakipima kwa kamba. Kanifokea. Maharage yalikuwa bado ndani.
Nyumba hii ni yetu Wakisi. Kanisani wanatuhubiria Kinyakyusa, shuleni Kinyakyusa, na sokoni Ipinda sisi ni "watu wa vyungu" tu. Humu wazee watasimulia kwa Kikisi, na kina mama watawafundisha mabinti kufinyanga hata mvua ikinyesha. Misheni walinifundisha uashi ili niwajengee wao. Sasa najenga kwetu. Nina furaha ya kijinga.

Jumamosi, 17 Septemba
Jumbe amerudi kutoka boma. Nyumba ya mianzi niliyoichora hawaitaki. Iwe ya matofali ya kuchoma, na iishe kabla ya Krismasi. La sivyo kiwanja kitajengwa ghala la pamba. Wadachi hawa! Watu wamelala kwenye nyumba za mianzi tangu enzi za mababu na hazijawaangukia.

Ijumaa, 30 Septemba
Matofali ya udongo wa mtoni yamepasuka yote. Mchanga mtupu. Nimeyapiga teke, nimeumia kidole.
Udongo mzuri uko mahali pamoja tu: shimo la kina mama, nyuma ya ukingo wa ziwa. Mama anachimba pale na dada yangu Tumpe, kama bibi kabla yao. Vyungu ndivyo ndizi zetu na mahindi yetu. Visipopanda mtumbwi kwenda sokoni, hatuli.

Alhamisi, 13 Oktoba
Nimemwomba Mama udongo. Akauliza, "Nyumba ni ya vyungu. Vyungu vitatoka wapi?"
Nikamwambia shimo ni kubwa, haliishi leo wala kesho.
"Haya, mwanangu. Msomi ni wewe. Ila msisogelee ziwa."
Kina mama huchimba kuelekea mlimani, kikapu kimoja kimoja. Wanaume ninaojenga nao wana majembe.

Jumatatu, 5 Desemba
Kuta zimesimama, na zimenyooka! Bado paa. Upande wa mlimani tulikutana na mawe, basi tukachimba upande wa ziwa. Ukingo uliobaki ni mwembamba ila imara. Nadhani. Tumpe ananipita bila salamu. Na anune.

Jumapili, 26 Machi 1911
Mvua haina adabu mwaka huu. Ziwa limevimba. Asubuhi ukingo umekatika.
Nimewakuta kina mama wamesimama mvuani. Shimo limejaa maji na mchanga. Mawimbi yanaingia na kutoka kama wenye nyumba. Nililia mbele za watu. Hakuna aliyenishika bega.

Jumatano, 12 Aprili
Tumejaribu kuchimba kwingine. Changarawe. Kwingine tena, changarawe.
Mkubwa wa boma amekuja kukagua nyumba, ile tuliyoiezeka kabla ya Krismasi. Amegonga ukuta kwa fimbo, amesema nyumba ni nzuri. Mashubaka yote matupu. Vyungu vya akiba vimeshakwenda kwa chakula. Jumbe kaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani kumpiga.
Mama mmoja Mnyakyusa amekuja kutoka Ipinda kutafuta chungu. Amekosa. "Ndaga," akasema, akarudi mikono mitupu. Shukrani ya nini, sijui.

Jumamosi, 3 Juni
Tumpe ameondoka jana. Kaenda Ipyana kulima mashamba ya watu apate chakula. Hakuniaga.
Wiki mbili zilizopita Mama aliingia kwenye nyumba kwa mara ya kwanza. Hakutazama kuta. Pembeni kulikuwa na matofali mabichi machache, yale tuliyoyabakiza bila kuyachoma. Akajitwisha, akayapeleka kwake, akayaloweka, akayaponda. Yametoa chungu kimoja. Leo kimeiva motoni.
Nilikuwa nimeshafagia shubaka la katikati. Nikasubiri.
Hakukileta. Amepika maharage ndani yake, akaniita. Nimekula bila kumtazama. Yalikuwa na chumvi ya kutosha.