Mtoto Alicheka Jioni

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chai.

Mpwa wangu mpendwa,

Habari za huko na baridi yake? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tunapumua. Magoti yangu yananung'unika kila nikipanda ngazi, lakini hayo ni ya uzee. Kuta za nyumba hii zina masikio siku hizi, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia.

Mjukuu wangu bado yuko wodini, mama yake analala naye huko. Macho amefungua, ila mkono wa kushoto haujaamka.

Watu wengi hudhani kesi ya mtoto aliyeumizwa kichwa hushindwa mahakamani. La. Hushindwa wodini, daktari akiuliza lake, polisi lake, kila mmoja na faili lake. Nilipokuwa mwendesha mashtaka niliwaketisha meza moja, na swali la kwanza lilikuwa: nani alimwona mtoto akiwa mzima mara ya mwisho? Daktari anajua kwamba mtoto aliyeumia namna hii hawezi kunywa uji na kucheka baadaye. Polisi anajua nani alikuwa nyumbani saa hizo. Kila mmoja ana nusu ya jibu.

Safari hii hawakuketi. Daktari aliandika "aliumia asubuhi" kwa kuwa kitindamimba wangu, baba wa mtoto, ndivyo alivyomweleza. Polisi wakalichukua neno hilo kana kwamba limetoka kwenye kipimo, wakamkamata yaya, aliyekuwa ameondoka mchana. Mpaka leo yuko mahabusu.

Kisha mkaza mjomba wako akaponyokwa na neno alilosimuliwa na mwanetu: kwamba jioni ile, kabla mtoto hajapelekwa hospitali, mama yake akiwa kazini, ulipiga simu ya video, baba yake akaishika, na mtoto akakuchekea mdomo umejaa uji. Nilipomkazia macho akasema, "Mzee, hilo limeze. Damu nzito kuliko maji."

"Na ya yaya ndiyo maji?"

Akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nilikwenda kwa mpelelezi. "Mzee wangu," akaniambia, "si wewe uliyetufundisha kwamba la kusikia si ushahidi? Niletee macho yaliyomwona."

Basi nimekwama. Kijana anakula mezani kwangu, ananisogezea chumvi, ananiuliza, "Baba, haya yataisha lini?" Naitazama ile mikono niliyoifundisha kushika kalamu. Kutema siwezi, kumeza siwezi.

Sikufichi: ukisema, wengi hapa hawatakufungulia mlango, na huenda mwanangu akafungwa. Lakini yaya naye ni mtoto wa mtu, na mjukuu wangu hana mdomo wa kujisemea.

Msalimie mumeo na wale mapacha watundu. Mungu awaepushe na mkono wenye hasira, hata ukiwa wa ndugu.

Namba ya mpelelezi nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie leo.

Mjomba wako, ambaye hajapungua kukupenda