Kaburi Asiloliona Afisa

Malindi, Unguja
7 Machi 1965

Mwanangu Mwanaasha,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo, ila bibi yako anasumbuliwa na magoti. Natumai wewe na mumeo Kificho mu wazima huko Nairobi, na kwamba baridi haijawadhuru.

Nina jambo la kukutuma, nalo linamhusu marehemu baba yako. Nasema marehemu kwa makusudi. Najua umelelewa na bibi yako, na katika nyumba hii neno hilo limekatazwa tangu ilipoletwa karatasi ya jeshi kwamba askari Miraji alitoroka vitani huko Burma. Bibi yako alilia kwa aibu siku moja tu, kisha akafuta machozi, kwa sababu mtoro ni mtu aliye hai. Tangu hapo hajaruhusu mwanawe asomewe khitma.

Ukweli anao Mjaka wa Chukwani, aliyekuwa naye vitani. Baba yako alipigwa na kombora asubuhi, akafa mikononi mwa Mjaka. Yeye na mwenzao Abdulla wakamtayamamisha kwa udongo badala ya kumwosha, wakamkafini kwa shuka la Mjaka, wakamsalia, wakamzika papo hapo, kipande chake cha namba kikiwa bado shingoni. Hawakumngoja afisa. Jioni kikosi kilikuwa kimeshavuka mto. Afisa alipouliza, aliambiwa kuwa Miraji amezikwa ng'ambo ya mto. Hakuliona kaburi, wala hakukuwa na kurudi nyuma. Akaandika alichokiona, yaani mtu hayupo, na kwao asiyekuwepo ni mtoro.

Kumbukumbu za askari wale wa jeshi la Mwingereza zimo katika afisi moja huko uliko. Nenda ukaombe neno "mtoro" lifutwe, paandikwe kuwa alikufa vitani. Bibi yako hauamini mdomo wa Mjaka. Ataamini karatasi, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyompoteza.

Ami yako,
Gharib

Nairobi
20 Juni 1965

Ami yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mpe pole bibi kwa magoti. Namletea dawa ya kuchua kwa mkono wa mtu anayekuja huko.

Nilikwenda afisini mara kadhaa kabla ya kuonana na mhusika. Ni karani mtu mzima, mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, watu huja hapa kuomba medali. Sijapata kumwona mtu anayekuja kuomba baba yake afe." Akacheka, halafu akaniomba radhi.

Faili wanalo. Wanataka mashahidi wawili walioiona maiti, wakaapishwe mbele ya hakimu, na baada ya hapo mrithi aweke saini. Mrithi ni mimi. Maafisa wa kikosi walisharudi kwao Ulaya na hapana ajuaye wako wapi.

Ami, katika faili mna picha yake. Sikuwahi kumwona. Ana masikio kama yangu.

Mwanao,
Mwanaasha

Malindi, Unguja
11 Februari 1966

Mwanangu Mwanaasha,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Dawa imefika, bibi yako anasema inanuka vibaya, na anaitumia.

Abdulla hayupo. Aliondoka kisiwani baada ya Mapinduzi, na jamaa zake hawapendi kuulizwa alikokwenda. Nami sikuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo nilimpeleka Mjaka peke yake kwa hakimu. Hakimu ni kijana mwenye adabu, lakini alimbana: kwa nini hawakumwita afisa kwanza aione maiti? Mjaka akamjibu, "Bwana hakimu, maiti wa Kiislamu hangojeshwi. Kumlaza juani amngoje Mzungu, huko ndiko kungekuwa kumtupa." Hakimu akaandika. Kiapo hicho namtia mkononi msafiri mwaminifu akufikishie, maana siku hizi barua hufunguliwa, na nyingine hazifungwi tena.

Tulipotoka hapo Mjaka alitaka kumsalimu bibi yako. Laiti ningemzuia. Alipokelewa kwa kahawa na kwa maneno haya: "Karibu, mchimba kaburi. Ulimzika wa nani? Wangu alikimbia. Mwenye miguu ya kukimbia hajafa." Mjaka alikunywa kahawa yake yote. Njiani aliniambia kwamba angekuwa yeye mama, angesema hivyo hivyo.

Peleka kiapo upesi.

Ami yako,
Gharib

Nairobi
3 Mei 1967

Ami yangu,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Barua hii imechelewa zaidi ya mwaka, na sababu si posta.

Kiapo nilikipeleka. Karani alizungumza na wakubwa zake, wakakubali shahidi mmoja, kwa kuwa yule wa pili hapatikani. Ilibaki saini yangu. Akanipa kalamu. Nami, kwa kujisemea tu, nikamuuliza hao walioandikwa watoro walikwenda wapi. Akasema wengine walishikwa, wengine walibaki kule kule, wakaoa, wakafungua vioski. Mmoja alirudi Kisumu baada ya miaka kumi na miwili, na wanawe hawamjui.

Nikairudisha kalamu.

Najua utakavyokasirika. Mjaka namwamini, wallahi namwamini. Lakini usiku wa mwanzo ninaoukumbuka, bibi alinifundisha kumwombea baba arudi, nami nilikuwa sijui hata kuvaa kanga. Nikiweka saini ile, ami, mwenye kumzika ni mimi, si Mjaka. Nipe muda.

Mwanao,
Mwanaasha

Malindi, Unguja
29 Mei 1967

Mwanaasha,

Wa alaykum salaam. Sisi hatujambo.

Umeomba muda. Muda huo si wangu. Mjaka anatema damu, na daktari amemkataza kutoka Chukwani.

Nakuambia jambo moja kuhusu baba yako. Alikuwa mwoga wa kila kitu isipokuwa kazi. Aliogopa paka, aliogopa radi, aliogopa kupita makaburini Mwanakwerekwe. Lakini alipoandikwa jeshini alinikatalia nisimnunue atoke, kwa sababu alikwisha kusema ndiyo. Mtu huyo hakukimbia kwenda kufungua kioski. Amelala alikolazwa, na jina la mtoro limemkalia kifuani miaka yote hii, nawe umeshika kalamu ya kuliondoa.

Weka saini.

Gharib

Nairobi
14 Aprili 1969

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo. Unisamehe kwa kimya. Nimejifungua mtoto wa kiume, yu mzima. Tumemwita Shaame, jina la baba mkwe wangu. Jina la baba yangu nililitaka nikashindwa kulisema.

Nilipopata nguvu nilikwenda afisini na mtoto mgongoni. Nimeweka saini, ami.

Karani yule amestaafu. Aliyepo sasa ni kijana, akaisoma karatasi mbele na nyuma, akasema kiapo kimepitwa na wakati, na wakubwa wapya hawakubali tena shahidi mmoja asiyeonekana. Faili zenyewe zinafungwa mwaka huu. Anamtaka Mjaka aje mwenyewe kabla ya hapo. Kificho atalipa nauli. Mletee kiti, mletee meli, vyovyote, lakini aje.

Mwanao,
Mwanaasha

Malindi, Unguja
2 Juni 1969

Mwanangu Mwanaasha,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Mungu amkuze Shaame, amjaalie afya. Magoti ya bibi yako yameacha kuuma.

Mjaka alifariki Chukwani mwezi wa Shaaban, kabla barua yako haijaandikwa. Alikufa alfajiri, tukamzika kabla ya adhuhuri.

Nilimsomea bibi yako barua yako, kwa kuwa sipendi kumficha. Alisikiliza vizuri. Mwishoni alisema, "Mmeona? Hata serikali imekataa kumwua mwanangu." Kisha akaamuru chumba cha mbele kipakwe chokaa, na kimepakwa. Hajapata kuwa na furaha kama hii tangu vita. Kila anayeingia humwambia kuwa wameandika kutoka Nairobi.

Usiende tena huko. Saini yako naijua, na inanitosha; hukuchelewa wewe peke yako, sote tulichelewa.

Namsomea Yasin kila Alkhamisi, peke yangu, msikitini, ili mama, bibi yako, asisikie. Ninalolihofia ni hili. Mimi nikiondoka, atabaki mama akimngoja, na pengine wewe, usiku mmoja mmoja, ukimngoja. Hatabaki anayejua kuwa amekufa.

Ami yako,
Gharib