Kaka, Safari Hii Najibu Mwenyewe

Ghorofa ya juu, duka la saa,
Mtaa wa nyuma ya stendi ya mabasi.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha dirishani, mguu umewekewa mto, na dawa ya asubuhi umekwisha kuimeza. Magoti yanasemaje? Nimeambiwa siku hizi yanakubali kiti na kukataa ngazi, na kwamba macho nayo yameanza kutanda ukungu. Pole sana. Uzee haupigi hodi. Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu hunikumbusha miaka niliyoinamia vitabu vya maktaba nikivijalidi upya, lakini tumezoeana, mimi na mgongo, kama majirani wasiopendana.

Kwa kuwa macho yako hayasomi tena, najua barua hii unasomewa na binti yako, Chiriku wetu, niliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mwanangu, mpe baba yako shikamoo yangu, kisha keti. Soma polepole, kwa sauti, na usiruke mstari hata mmoja. Nakujua mimi. Penye uchungu wewe hukohoa, ukapita.

Ujumbe wako nimeupata, Kaka. Chiriku aliniambia kwa simu kwamba nyumba imekuwa kubwa mno, kwamba mpishi anatia chumvi kama anayehifadhi samaki, na kwamba umesema sasa nimekwisha kucheza uharusi, nirudi nyumbani nikuangalie. Neno hilo la kucheza alilimung'unya, lakini nililisikia. Jibu utalipata. Kwanza nikusimulie fungate yetu. Hukuniuliza, ila nimeacha desturi ya kungoja kuulizwa.

Tulioana Jumamosi moja ya mwezi uliopita, mbele ya wenzangu wa maktaba na wateja wake wachache. Kitindamimba wako ndiye aliyetuzawadia safari ya meli ya utalii, ile inayozunguka visiwa na kurudi bandari ileile. Ulimwambia ni kichekesho kuwapeleka vikongwe fungate. Alitueleza, tena akiigiza sauti yako. Watoto niliowalea hawajui kuficha. Hilo hawakulitoa kwako.

Mume wangu unamfahamu. Ndiye yule fundi saa aliyekuwa na kimeza chini ya ngazi za posta, akaja barazani kwetu siku moja amevaa shati la kuazima, kukuomba mimi. Baadaye alihama, nami nikahama watoto walipokua, kila mtu na ugeni wake, mpaka nilipoipeleka saa ya maktaba kutengenezwa katika duka hili. Alikuwa ameinama na kioo chake jichoni. Aliisikia sauti yangu, wala hakuinua kichwa. Akasema, "Ngoja nimalize hii, maana nikikutazama sitamaliza."

Mambo ya zamani hatukuulizana. Kila mmoja alikuwa na aibu yake, akiificha kama mtu anayekunja mkono kuficha kiwiko cha shati kilichotoboka. Mimi nilijua alighairi. Yeye alijua nilimkataa. Tuliona heri tuoane kabla hatujaharibu kwa maswali.

Basi melini tulipewa chumba chembamba chenye dirisha la duara na vitanda viwili vilivyofungwa sakafuni kwa misumari, kana kwamba kuna mtu angetaka kuviiba. Mume wangu hakutazama bahari. Alitazama saa ya ukutani. Aliikuta imeruka saa nzima mbele, akaisikitikia kama daktari, akaifungua kwa kisu cha matunda na kuirudisha ilipotakiwa. Hakujua kwamba meli nzima ilikuwa imebadilishiwa majira, kwa kuwa tulikuwa tukielekea mashariki. Tukaingia ukumbi wa chakula kwa madaha, tumependeza, wakati wenzetu wanamalizia matunda.

Nafasi zilibaki meza moja tu, ya mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtoto mchanga. Huyo alitupokea kama ametuzalisha yeye. Alibaki kutusindikiza kwa chai tulipokuwa tunakula, na tulipomaliza, kabla sijajua ninachofanya, nilisimama nikaanza kukusanya sahani. Nilipanga za mume wangu juu ya zangu, vijiko pembeni, mifupa sahani ya juu. Nilikuwa nimefika katikati ya ukumbi mhudumu aliponikimbilia amepauka, akidhani amefanya kosa. Watu waligeuka. Mkunga akapaza sauti kutoka mezani, "Bibi harusi, njoo uketi. Huku hujaajiriwa."

Nilicheka pamoja nao, Kaka, na mashavu yakawaka moto. Unajua wewe miguu yangu ilijifunzia wapi. Kwako sikuwahi kula nimekaa. Nilikula nimeegemea karo, sufuria mkononi, sikio likingoja uite maji ya kunawa.

Nilipoketi, mkunga akataka kunisahaulisha aibu, akauliza tumeoana muda gani. Mume wangu akajibu kwamba tangu Jumamosi. Mkunga alicheka hadi akajifuta macho kwa kitambaa cha meza, kisha akauliza sasa siku zote tulikuwa wapi, tulipotea njia au vipi.

"Usinilaumu mimi, mama," mume wangu akasema, akitania kama kawaida yake. "Huyu alinikataa kwanza. Nimengoja hasira zipoe."

"Nilikukataa lini?"

Alidhani nami natania. "Ulipomtuma kaka yako barazani."

"Nilimtuma aseme nini?"

Aliniangalia, akaona uso wangu, akaacha utani. Halafu akalisema lile neno taratibu, kama mtu anayelijua kwa moyo. "Kwamba mikono inayonuka mafuta ya saa haitakugusa. Na kwamba nikikuona njiani nivuke ng'ambo."

Mkunga alikisukuma kando kikombe chake cha chai.

Chiriku, pasome tena hapo. Baba yako asikie vizuri.

Sasa nikukumbushe nusu ya pili, Kaka, ile uliyoniletea mimi jikoni jioni ileile, nikiwa na mwiko mkononi. Ulisema fundi ameghairi. Nilipouliza sababu, ulivuta pumzi ya huruma, nakumbuka mpaka pumzi hiyo, ukaniambia hataki mwanamke anayeburuta watoto wa marehemu. Kwa sentensi mbili, moja ya barazani na moja ya jikoni, ukajipatia mpishi, dobi na yaya wa kudumu. Nimesoma vitabu vingi vya watu wabaya. Wengi walihitaji sura nzima.

Na wewe mwanangu unayesoma, tua kidogo, unywe maji. Siku ile ulikuwa umeshika pindo la gauni langu, unalia njaa. Tangu hapo niliamini nilikosa mume kwa ajili yenu, nikawapenda hivyohivyo, bila kuwaambia. Leo nautua mzigo ambao hukujua umebebeshwa. Haukuwa wewe. Wala hakuwa mdogo wako. Nyinyi mlikuwa kisingizio tu, na aliyekitunga ameketi mbele yako.

Baada ya chakula kile bahari ilichafuka. Nililala kifudifudi, mume wangu akanishikia ndoo, na mpaka leo sijui kilichonitapisha ni mawimbi au ni wewe. Kati ya kutapika na kutapika nilikuapiza, Kaka, nisikufiche. Nilianza na meno. Nikaja kwenye muwasho wa mgongoni mahali mkono usipofika. Nikakuombea mpishi asiyejua chumvi, na naona hilo limejibiwa. Nilitamani nahodha aigeuze meli aje nayo mpaka mlangoni kwako, nishuke na koti langu la kuokolea, nikuulize mbele ya majirani. Mume wangu alinipangusa uso, akasema tuna muda mchache, tusimgawie mtu ambaye hata hakualikwa.

Kulipokucha bahari ilitulia. Kwenye sitaha kulikuwa na mpiga picha anayewapanga watu kando ya boya jekundu. Nilimwambia asihangaike sana na sura zetu, zimekwisha kuonekana, apige mikono. Nimeishika mikono yote miwili ya mume wangu, na ni kweli inanuka mafuta ya saa. Harufu hiyo sasa imo kwenye mto wangu, nami nalala usingizi wa pono.

Picha hiyo nimeitia humu. Nimeiagiza ikuzwe makusudi, ili ukungu wa macho yako usiwe udhuru. Chiriku, itie fremu, uitundike mkabala na kiti cha baba yako, pale ilipo kalenda. Kalenda hana haja nayo, haendi popote.

Maisha yetu huku ni ya kawaida. Tunaishi juu ya duka, na saa za wateja hugonga kila moja kwa wakati wake, kama kikao cha ukoo. Tuliporudi kutoka safarini mume wangu alitangaza kwamba nyumbani kwetu anayetoa vyombo ni yeye. Siku za mwanzo nilikaa kitini kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Hana ufundi wa kuosha. Povu hubaki kwenye vikombe na chai yetu hunukia sabuni. Simsahihishi. Nainywa yote.

Tumegombana mara moja tu, na tumegombana kwa ajili yako. Chiriku aliponipa ujumbe wako, mume wangu alikuwa kando, akasikia. Alisema nikuendee, au wewe uletwe huku, kitanda cha chumba cha nyuma kipo. Akaniuliza una nini tena cha kutunyang'anya. Nikamjibu kwamba umebakiwa na uzee wako, na huo nao unatafuta wa kuubeba ili wewe utembee mikono mitupu. Tulinuniana mpaka chai ya jioni. Yeye ana moyo wa kusamehe. Mimi nina kumbukumbu. Katika nyumba moja inatosha mmoja wetu awe mwema.

Kitindamimba wako nilimweleza mwenyewe alipotupokea bandarini, kabla hata hatujapakia mabegi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atakupigia simu. Kama hajapiga, usiulize laini ina nini.

Sasa jibu lako, Kaka.

Siji. Si kwamba mume wangu amenizuia, amenisihi nije. Si mgongo wangu, wala umbali, wala kazi. Siji kwa sababu sitaki. Nayaandika maneno haya kwa mkono wangu, nikiwa nimekaa, na yakikufikia kwa sauti nyingine usiyaamini. Ulinijibia mara moja. Hiyo ndiyo mara yako ya mwisho.

Huyo mpishi akizidisha chumvi mwambie kwa upole. Kwangu hukuwahi kuujaribu upole, labda kwake utafaa. Na kama lipo neno unataka kumwambia mume wangu, yeye hupokea simu ya duka mwenyewe. Usimtume Chiriku, wala usitafute sentensi nzuri. Zile mbili zilikuwa nzuri mno. Siahidi kwamba nitakuja ukilisema. Ninachokuambia ni kwamba kabla hujalisema, barua zangu zitakuwa za kumwandikia binti yako, nawe utazisikia akipenda kukusomea.

Nisalimie mume wa Chiriku na wale pacha wao, waambie bibi yao wa mbali amepanda meli na hakuanguka. Msalimie na jirani mshona nguo, kama bado yupo. Siku ile ya barazani alikuwa dirishani kwake, na sasa najiuliza alisikia nini. Mwanangu, asante kwa kusoma. Kama umekohoa mahali, rudi nyuma usome.

Kaka, Mungu akupe umri mrefu. Mrefu sana, na kumbukumbu isiyopungua hata siku moja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kutoka huku niliko,

Mke wa Fundi Saa