Gesare Naye Yumo Darasani

Ikonge, Nyamira
17 Agosti 1975

Mpendwa Dada Marion,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi na majani ya chai. Sote tu wazima, ni magoti ya Mama tu yanayomsumbua. Wewe je? Kikohozi kimekuacha? Na kazi ya cherehani hapo Nakuru inaendeleaje?

Dada, keti kwanza. Binti yako Gesare amejua! Nina furaha hata naandika mbiombio, usiucheke mwandiko wangu.

Unakumbuka nilivyokuandikia mwezi wa Juni, alipojificha migombani kutwa nzima, damu yake ya kwanza ilipomjia, akidhani anakufa. Nililia siku ile. Wenzake huokota habari mtoni wakiteka maji, lakini yeye, tangu surua imzibe masikio, hakuna aliyeona haja ya kumweleza. Hata mimi, muuguzi mzima!

Basi nikaomba chumba cha kanisa kila Jumapili alasiri, niwafundishe vijana wote, wavulana kwa wasichana, habari za mwili, mimba na magonjwa. Mzee Ombati wa kamati ya kanisa alikubali, ila akasema, "Lakini huyo bubu mwache nyumbani. Atasikia nini?" Nikamwambia bila Gesare hakuna darasa. Alinuna, ila ufunguo akanipa.

Sasa cheka. Siku ya kwanza nilisimama na picha zangu, nikafungua mdomo, na chumba kizima kikainamia sakafu. Gesare alijifunika leso usoni. Chinsoni! Nilikuwa nimesahau kabisa ile heshima yetu, kwamba mzazi na mtoto hawataji mambo hayo, na mimi ni rika la mama zao. Uuguzi haukunisaidia kitu.

Jumapili iliyofuata nikamleta Mama, maana nyanya na wajukuu hawaoneani haya. Nilimwachia picha, mimi nikatoka nje, kwani naye ni mama yangu! Nilichungulia dirishani tu. Lo, dada! Alieleza kwa mdomo na kwa mikono, zile ishara ambazo yeye na Gesare huzitumia jikoni, hata Okemwa, yule mvulana mtukutu kuliko wote, akatulia. Na aliyeuliza maswali mengi kuliko wote ni Gesare. Mikono haikupumzika.

Nisalimie shemeji na majirani zako wote. Mama anakuombea kila jioni, na Mungu akulinde huko mjini.

Nilitaka kufunga barua, lakini ngoja. Leo asubuhi nimemtafuta Gesare kila mahali, roho juu. Nimemkuta migombani, palepale alipojificha. Alikuwa na Nyanchera, yule binti mdogo wa jirani, anamweleza yote kwa mikono, taratibu, kabla siku yake haijafika.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Bonareri