Ushuru wa Sari ya Sunita

Alhamisi

Na bado nacheka, lakini ni kicheko cha uoga. Mimi, dereva wa teksi ninayejulikana kutoka River Road mpaka Kitisuru, leo nimetolewa jasho na sari.

Ni sari ya harusi ya Sunita, imetoka Bombay. Mama yake, jirani yangu hapa Jamhuri, alimwomba kaka yake kule aandikishe kwenye risiti mara mbili ya bei ya kweli. Kwao nguo hutandazwa na risiti yake, wakwe waone. Leo nimempeleka kuichukua, na nani alijua msomaji wa kwanza atakuwa mtu wa forodha?

"Mama, ushuru ni kwa bei hii," afisa akasema. "Kama si hii, sema sasa."

Aseme vipi? Mama mkwe wa Sunita alikuwa amesimama kando yetu, amekuja kuiona. Mama Sunita akafungua kibeti, akahesabu pesa, zikapungua. Harusi ni Jumamosi.

Mdomo wangu huu ukaropoka, "Mama Sunita, hiyo deni yako nakulipa leo." Deni gani? Sijawahi kukopa kwake hata kiberiti. Pesa nilizotoa mfukoni zilikuwa za bima ya gari.

Akazipokea, akanigeukia mbele ya mkwe: "Wafula, umenizungusha mwaka mzima! Huoni haya?"

Nikaomba msamaha, kweli kabisa.

Bima inaisha kesho. Askari wa barabarani akinisimamisha, nitamwambia nini? Na mimi huwa sikosi hadithi.