Nywele za Baba Kichwani kwa Kitinda

Nyumba ya kona,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, ingawa la kushoto siku hizi halikunjiki bila kelele. U hali gani? Kifua kimepoa? Mara ya mwisho sauti yako kwenye simu ilikuwa kama ya mtu anayeongea kutoka ndani ya mtungi, nikabaki na wasiwasi. Meza dawa zako zote, Shangazi, usiwagawie majirani. Nakujua.

Sisi huku Mungu anatushika. Mume wangu ni mzima, mgongo tu. Mimi bado nashona sare za shule barazani, na cherehani ni ile ile, inakohoa kukuzidi wewe. Watoto wanakula na kukua, na nguo zinawakimbia.

Ulipopiga simu ukaniuliza kwa nini Kitinda hapokei simu zako, nilikwambia kazi zimembana. Haukuwa uongo, ila haikuwa habari yote. Mama alikuwa amekaa ubavuni kwangu, na kuna mambo hayasemeki mgonjwa akisikia. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Tafuta mahali ukae.

Unajua mama amekuwa akitupotea kidogo kidogo. Mimi alishanisahau kitambo. Ananiita mama wa cherehani, ananishukuru kwa adabu kama mpangaji. Nimezoea, au nasema nimezoea. Lakini mama hakumpoteza Kitinda. Kaka yangu akija alikuwa anakaa chini kwenye mkeka, mama anampitisha kiganja kuanzia kwenye nyusi hadi utosini, pale nywele zilipohama, halafu anacheka: "Kitinda, hili paji litafika mgongoni!" Hapo mama alikuwa mama na mwana alikuwa mwana. Mimi nilisimama mlangoni na bakuli la supu mkononi, nikishiba kwa macho.

Basi mambo yalianzia kazini kwake. Unakumbuka anauza suti kwenye lile duka la vioo. Duka limepata tajiri mpya, na tajiri anataka vijana mlangoni. Wenzake wakaanza: "Mzee Uwanja, leo zimetua ndege ngapi?" Yeye akicheka nao, maana Kitinda ni mtu wa kucheka, lakini utani wa kila siku ni rasharasha: huoni mvua, unaona umelowa. Mwishowe akaambiwa ahamie stoo akapange maboksi, wateja wanapenda sura changa. Mwanamume wa miaka arobaini na minne, mke alishaondoka, kazi ndiyo heshima iliyobaki. Iliniuma.

Akasikia kuna fundi, mwanamke mwenye chumba nyuma ya saluni, anachora tatuu ya nywele kichwani. Usishtuke. Si mambo ya nyoka na mioyo. Ni vidoti vya sindano, vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, anavipanga mpaka mtu anaonekana amenyoa jana tu na nywele zake zote zipo. Kitinda anasema wanaume wanaingia mle na kofia na kutoka na kofia, hakuna anayemsalimu mwenzake. Mimi nilipinga. Nikamwambia Mungu aliyekunyoa ana sababu zake. Akanijibu, "Dada, si Mungu aliyenipeleka stoo." Nikamwombea sindano ziwe safi.

Sasa sikiliza, Shangazi, hapa ndipo tulipojikwaa. Fundi alitaka picha yake ya ujanani, ajue mstari wa mbele ulikaaje. Picha za Kitinda zililoa zote paa lilipovuja. Akaja hapa mama akiwa amelala, akaitoa ukutani ile ya marehemu baba, ya mwaka aliooa. "Si kichwa ni kimoja?" akasema. Na kweli kila mtu alisema wamefanana kama maji na maji. Fundi akaifuata picha kama ninavyofuata mimi karatasi ya kukatia nguo. Akaweka zile pembe mbili za nywele, ya kushoto imeshuka kidogo, na hata lile pengo dogo ambapo bati lilimkata baba utotoni. Wewe unalijua, mlikuwa mkicheza pamoja. Fundi hakuuliza. Alichokiona ndicho alichokichora. Kitinda alipojitazama kwenye kioo alicheka hadi machozi: "Kaniwekea hadi bati la mzee!"

Dukani walimrudisha mlangoni, na utani ukaisha. Nilimshukuru Mungu, nikasema kumbe nilikuwa na woga wa bure.

Jumamosi akaja kujionyesha kwa mama. Suti, kichwa wazi, anang'aa kama bwana harusi. Mama alikuwa anamenya vitunguu. Akainua macho, kisu kikamponyoka.

"Baba watoto," akasema, "umechelewa hivyo, ulikuwa wapi?"

Kitinda akadhani ni mzaha. Akapiga magoti, akainamisha kichwa apate kile kiganja chake. Mama hakumpapasa. Alimnyooshea kola, akaona haya kama msichana, akajivutia mtandio kichwani.

"Mama, ni mimi, Kitinda."

"Usinitanie. Kitinda ana nywele wapi?"

Nilicheka, Shangazi. Mungu anisamehe, nilicheka kabla sijaona uso wa kaka yangu.

Tangu siku hiyo mama anakula. Anaoga bila ugomvi. Anaimba zile nyimbo za ibada alizoacha kuimba tulipomzika baba. Kwa muda mrefu niliomba kila asubuhi Mungu amrudishie mama furaha, na amemrudishia. Sikujua nilipaswa kumwomba pia asiipitishe juu ya mtu.

Kitinda alijaribu kofia. Akija na kofia, mama anauvuta mkoba wake karibu, ananinong'oneza, "Huyu anataka nini hapa?" Akiivua, mumewe amefika. Hakuna upande ambao ni mwanawe. Basi akaacha kuja, na simu za ukoo akaacha kupokea. Alinitamkia mwenyewe kwamba anakuogopa hata wewe, kwamba siku utakayomwona utamlilia kaka yako badala ya kumsalimu yeye.

Akaenda kuuliza kama vidoti vinafutika. Vinafutika, kwa mwanga mkali, taratibu, na si lazima vitoke vyote. Akapanga siku. Kabla ya siku hiyo akaja kumwona mama, ili sura ile ya baba imuage vizuri, isipotee kama ilivyopotea mara ya kwanza.

Mama hakungoja aketi. "Mwanao haji tena. Umemfanya nini? Tangu mdogo ulikuwa mkali naye. Nenda kamlete. Leo usirudi bila mtoto wangu."

Kitinda akatoka. Nilimfuata nikamkuta amelishika tenki la maji kwa mikono miwili kama anayetaka kuling'oa. Nikamwambia rudi, mwambie ni wewe.

"Nimwambie mara ngapi, dada? Anamngoja Kitinda, na Kitinda ndiye ametumwa kumtafuta."

Akanawa uso. Akaingia. Mimi nilibaki dirishani.

"Nimemwona," akamwambia mama. "Ni mzima. Kazini wanamheshimu. Anakusalimu sana."

"Na upara wake?"

"Upo."

"Mwambie asiuonee haya. Hata macho yangu yakifa, nikiushika tu nitajua ni mwanangu."

Shangazi, nimezika baba, nimezika mtoto wangu wa pili, na sijawahi kuona uso kama ule. Alikaa, mama amemshika mkono, akaitika, "Nitamwambia."

Siku ya kufuta ilipofika hakwenda. Nilimuuliza, akasema: "Nikifuta, mama atamngoja baba mlangoni mpaka afe, na mimi huenda asinijue hata hivyo. Baba amekufa mara moja, inatosha." Sasa anakuja kila Jumamosi na suti. Mama anamuuliza habari za mtoto, naye anamletea mama salamu zake mwenyewe. Daktari anasema moyo wa mama umechoka, tusipange mambo ya mbali. Mimi mama alinisahau, lakini aliponisahau hakubaki akiniuliza mimi habari zangu. Kaka yangu anaulizwa habari zake na mama yake mwenyewe, wamekaa goti kwa goti.

Nakuomba jambo moja. Mpigie simu kwa namba ya dukani, hiyo ataipokea. Usimpe pole, usimuulize chochote. Mwite Kitinda, mwite mara nyingi, mgombeze kwa kutokukupigia. Wa kumwita mwanangu na akajua anaitwa yeye umebaki wewe tu.

Nisalimie mjomba na mgongo wake, wale mapacha, na jirani yako muuza maua anayekusomea barua miwani ikipotea. Kama ni yeye anayesoma hii, asamehe machozi yaliyotanua wino. Mungu akulinde unapolala na akutangulie unapoamka, akupe pumzi ndefu tuonane.

Mama naye anakusalimu. Amesimama nyuma ya kiti changu na amenituma neno, nami naliandika kama alivyolisema: "Mwambie wifi yangu kaka yake amerudi nyumbani, mzima kabisa, hata nywele hazijapungua. Afunge safari aje amwone."

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Binti wa marehemu kaka yako.