Sura ya Yuda

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemng'oa mkono Yuda, sanamu ya karatasi tunayotengeneza darasani. Kazi ya mwanafunzi wangu Eufrasia — tabaka moja la gazeti, gundi ya unga imejaa mabonge. Nikauchana mbele ya darasa zima. Mkono gani huu mama, umelegea kama tamali, bumunda la mahindi! Akajibu kwamba kutwa nzima anaosha vyombo hotelini, vidole vimechoka. Basi kalale, nikamwambia.

Na sura je? Wamempaka rangi nyekundu, wakamtia pembe. Shetani wa dukani! Nimewaambia tena: kwetu Celaya, kule Meksiko, Yuda wa Pasaka huvishwa sura ya anayewanyanyasa watu — mwenye nyumba, polisi, yeyote yule — halafu Jumamosi Kuu analipuliwa kwa fataki mtaa mzima ukicheka. Tafuteni sura ya anayewakaba koo! Wakatazamana tu. Miaka yote hii nafundisha hapa Chicago, na bado!

Jumatano, 10 Aprili

Nachemka. Griselda, mkurugenzi wa kituo ninachofundisha, kaja darasani na simu yake kupiga picha. Eti kazi nzuri mno, hatumchomi, tutamning'iniza mlangoni wageni wamwone. Tena moto hauruhusiwi, bima inakataa. Binti wa Wameksiko huyo! Nikamwambia Yuda asiyelipuliwa ni takataka, bora tufunge darasa. "Mzee wangu, punguza hasira," ananiambia mimi!

Na wanafunzi? Hakuna aliyenitetea. Nimewafukuza wote. Sirudi.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandikia chooni, kwenye bucha la mtaani. Nimejifungia.

Asubuhi Eufrasia kapiga simu: mwalimu, njoo na kiberiti, mwenye bucha katuazima uwanja wake wa nyuma. Moyo ukaruka! Nikavaa kofia yangu nzuri, nikaja mbio. Yuda ananing'inia kambani, kafunikwa shuka. Wakaivuta.

Masharubu yangu. Kofia yangu! Tumbo langu, na wameliongeza. Na ule mkono — umeundwa upya, kidole kimenyooshwa, hivyohivyo ninavyowakaripia. Wajukuu zao, majirani, wote wanajishika mbavu. Griselda naye yupo, eti hapa si kituoni, bima haihusiki, anacheka hadi machozi. Washenzi! Mimi niliyewafundisha kushika mkasi!

Nikaurukia ule mkono niung'oe tena. Haukung'oka. Tabaka nne, gundi laini, mgumu kama mfupa. Marehemu baba mwenyewe, aliyenifundisha kazi hii, asingepata pa kuukosoa. Ndipo nikakimbilia humu, maana nilihisi machozi, na hasira haijaisha.

Eufrasia anagonga mlango. "Mwalimu, toka basi! Fataki tumeshazifunga. Kiberiti unacho wewe!"